Hata Wewe, Mkuu

Nilikuwa katibu muhtasari wa shule moja ya sekondari pale Kilosa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kompyuta zikaanza kufika hadi kwetu. Shule ilikuwa na moja tu, nayo iliwekwa mezani kwangu, mahali ilipokuwa mashine ya taipu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchapa mitihani.

Siku moja nilitoka kwenda kunywa chai. Niliporudi nilimkuta karani wa stoo ameinama mbele ya skrini, anasoma maswali ya hesabu ya kidato cha tatu. Binti yake alikuwa kidato hichohicho.

"Nilikuwa naangalia saa tu, dada," akasema.

Nilimweleza mkuu wa shule. Mwalimu wa hesabu akatunga maswali mengine, nami nikayachapa yote upya, nikiona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeuvujisha mtihani.

Tangu hapo sikutoka bila kuzima mashine, na kuiwasha kulichukua muda kweli. Nikatafuta njia nyingine kwenye kitabu cha maelekezo kilichokuja na kompyuta, lakini kilikuwa cha Kiingereza, na mimi niliishia kidato cha nne. Nikaazima kamusi maktaba. Wiki nzima, kila nilipopata nafasi, nilisoma neno baada ya neno mpaka nikapata sehemu inayofunga skrini ukiiacha dakika chache, isifunguke bila neno la siri. Nikaweka alama kwenye kisanduku chake, nikaandika neno langu mara mbili, nikakaa nikisubiri. Skrini ikawa nyeusi. Nikagusa kitufe, ikaniuliza neno. Nilipoliandika ikafunguka, nikacheka peke yangu.

Siku chache baadaye mkuu wa shule aliwaleta wazee wawili wa bodi waione kompyuta. Nilikuwa nimetoka. Niliporudi nilimkuta anabonyezabonyeza.

"Mashine imekufa?" akaniuliza.

"Shikamooni wazee. Haijafa, mkuu, nimeifunga. Naomba mgeuke kidogo niandike neno la siri."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mkuu. Humu mna mitihani."

Nilidhani nimejiharibia kazi. Alinitazama, kisha akageukia dirishani. Wageni nao wakageuka, wote watatu wakawa wanatazama uwanja wa mpira mpaka niliposema tayari.

"Sasa hii ndiyo ofisi," akawaambia.

Jioni ile aliniagiza niandike neno lile, nilitie kwenye bahasha, niigonge lakiri, naye akaifungia kwenye kabati la chuma. Mwaka ule hakuna swali lililotoka nje.

Muhula uliofuata nilitumwa Mikumi kuwafundisha makatibu muhtasari wenzangu. Baba, aliyekuja Kilosa kukata mkonge na hakuwahi kukaa darasani, alinisindikiza stendi akiwa amenibebea mkoba.

"Huyu ni mwalimu," akamwambia kondakta. "Mpe kiti cha mbele."

Sikumsahihisha.