Mchuzi wa Bosi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kila mtu nyumbani humwogopa. Lakini bosi si yeye, bosi ni samaki. Mwenyewe hafiki urefu wa kidole: rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe, na kiburi tele. Tangi lake la kioo liko kando ya cherehani. Shangazi akimpima mteja kiuno, Bosi huufuata ule utepe huku na huko kama anakagua kazi. Wateja huleta suruali ya kupunguzwa, wakasahau kwenda kwao. Tangu wanawe wahamie kwao nyumba ilikuwa imepooza, na huyo samaki ndiye aliyemrudishia Shangazi kicheko.

Basi asubuhi moja tukamkuta Bosi amelala ubavu chini ya tangi. Hata utepe hakuutazama. Shangazi akatumbukiza kipimo cha chumvi, akakisoma, akakaa chini.

"Nani katia chumvi humu?"

Bibi, mama yake, akakohoa. "Mimi, mwanangu. Maji yalipungua. Samaki wa baharini ataishije bila chumvi?"

Mume wa Shangazi akajikuna kisogo. "Na mimi nilijazia juzi. Na chumvi yake kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kikombe."

"Mchuzi ukikauka jikoni, chumvi huondoka na mvuke?" Shangazi akauliza. "Maji yakipungua huongezwa maji matupu. Nyie mmempikia samaki wangu mchuzi."

Nilibanwa na kicheko, ila machozi yalikuwa yanamlengalenga Shangazi, nikakimeza. Wahenga walisema palipo na wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakufuga samaki.

Kazi ikaanza: kikombe cha maji ya chumvi nje, kikombe cha maji matamu ndani, polepole, maana haraka ingemmaliza. Bibi anachota, mume anamwaga, na mteja mmoja mwenye suruali iliyojaa pini kashika jagi, hathubutu kuinama. Tukashinda hapo kutwa.

Jioni pezi likatikisika. Shangazi akauteremsha utepe mbele ya kioo. Bosi akainuka upandeupande kama mlevi, akaufuata. Shangazi alicheka mpaka akakalia pini, akazidi kucheka.

Chakula cha usiku alipika Bibi. Hakikuwa na chumvi hata chembe, na hakuna aliyethubutu kuiomba. Shangazi alimaliza sahani yake, akamsogezea mama yake amwongeze.