Sinia Nilizokausha Kupita Kiasi

Siku hiyo, mwanangu, kwenye chumba cha mashine nyuma ya maduka ya Westlands, tulikuwa wanne. Bwana Kantilal, mwenye kazi. Fundi Wafula, mtoto wa shangazi wa mume wangu, kwa hiyo shemeji yangu. Mama Rasoa, aliyenitafutia kibarua kwa kuwa alisali kanisa moja na mama yangu. Na mimi Nereya, wa kutembea kutoka Kangemi kila asubuhi. Ilikuwa miaka ya hamsini, sijazaa bado.

Tulitengeneza vidonge vya kichwa. Unga wa dawa ulikandwa kwa uji wa wanga, ukachekechwa kuwa punje, nami nikazikausha kwenye sinia ndani ya kabati la moto. Kisha mashine ya Wafula ikazibana. Lakini siku hiyo kila kidonge kilibanduka juu kama kifuniko cha sufuria. Wafula akakaza skrubu. Vikazidi kupasuka. Akakaza nyingine.

"Wafula! Mimi nataka dawa, hapana unga."

"Mashine ni nzima, Bwana."

"Mashine nzima, fundi mbovu. Jioni chukua vitu yako, uende."

Na Wafula ana watoto watatu! Mama Rasoa akachota punje, akafumba ngumi, akaifungua. Zikamwagika kama mchanga.

"Nereya, ulikausha namna gani?"

"Kama kawaida, mama."

"Kawaida ya nani? Hapa hatuweki wimbi ghalani."

Nikainama. Kwetu mwanamke akihifadhi wimbi mbichi ikaota ukungu, wakwe humcheka mwaka mzima. Basi jana yake niliziacha punje ndani mpaka zikalia kama kokoto, nikajiona hodari. Kumbe punje ya dawa hutaka unyevu kidogo ndipo ishikane.

Wafula alipoanza kuvua aproni, ulimi wangu ukafunguka. "Bwana, kosa ni langu. Nipe sinia zingine."

Wafula akarudisha skrubu zote zilipokuwa. Mimi nikasimama karibu na kabati, nikifumba ngumi kila mara kama nilivyoonyeshwa, nikatoa sinia punje ziliposhikana kidogo. Vidonge vikatoka vizima. Wafula akaangusha kumi sakafuni, hakuna kilichovunjika.

"Vaa aproni," Bwana Kantilal akasema bila kumtazama. "Na wewe, Mama Wimbi, wiki nzima utatwanga zile zimevunjika."

Nilitwanga. Jina nalo likabaki.

Mwanangu, kazi ikiharibika, usikimbilie skrubu ya mwenzako. Uliza kwanza mkono wako ulifanya nini, useme mapema. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na ukirekebisha, badilisha kitu kimoja, utazame, ndipo uguse kingine. Usichoke kabla hujajua sababu.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo wa kukiri. Na kama wewe unayenisikiliza ni wa nyumba ya Rasoa au ya Wafula, nami nimekosea mahali, nisahihishe tu, sitakasirika.