Dumu la Dawa ya Mikorosho

Marehemu mume wangu hakuwahi kutupa kitu chenye mfuniko. Msimu mmoja wa kupulizia mikorosho ulipokwisha, alirudi nyumbani Likunja na dumu tupu la dawa begani, anatembea kama aliyeoa mke wa pili. Akalisugua kwa mchanga na majivu, akalisuuza mara tatu, akaniambia, "Nusa. Si kama la mafuta ya kula?"

Nikanusa. Lilinuka dawa. Nikasema limetakata. Kwetu ni Nambambo, pale Likunja nilikuwa bado mgeni, na sikutaka kuanza ndoa kwa kubishania dumu.

Tulinywa maji ya dumu lile miaka mingi. Majirani nao walikuwa na ya kwao, na walisifia ugumu wake. Mume wangu alifariki kwa figo. Sisemi dumu ndilo lililomuua. Sijui, na daktari naye hakusema.

Baada ya mazishi, mama mkwe alilihamishia dumu chumbani kwake. Hakunywa maji ya chombo kingine. "Limeshikwa na mwanangu hili," alisema. Akaanza kutapika asubuhi na kushikwa na kizunguzungu. Nesi wa zahanati alituuliza maji tunaweka kwenye nini. Nilipomjibu, alishusha kalamu. Akasema plastiki hunywa ile sumu na kuitema kidogo kidogo. Majivu hayaitoi, na hata ukichemsha maji, sumu inabaki. Kwa mwili wa mzee, akasema, tusichelewe.

Nikanunua ndoo ya mfuniko yenye koki. Mama akaizunguka.

"Hii si ya kunawia mikono harusini? Nikinywa humu nitakaa nasubiri wali."

"Mama, nesi amesema."

"Nesi amezaliwa juzi. Mimi maji nimeanza kunywa lini?"

Kumnyang'anya sikuweza. Mkwe kumpokonya mfiwa kitu cha mwanawe, hilo lisingesahaulika. Lakini kuna mtu mmoja ambaye msibani hufanya atakalo na hakasirikiwi, naye ni mtani. Nikaenda Chinongwe kwa mtani wa ukoo wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kufukuzia nyani. Nikamweleza yote.

"Kumbe mumeo bado anatusumbua?" akasema. "Nitakuja na panga."

Siku ya arobaini alifika amevaa shati la marehemu, nililompa mwenyewe kwa siri. Akaingia chumbani kwa mama bila hodi, akatoka na dumu begani, anapita uani kwa mwendo ule ule wa mume wangu, kifua mbele, miguu ikipiga nje. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka huku nalia. Mwendo ule sikuwa nimeuona tangu alipoanza kuugua.

"Bibi," akamwita mama mkwe, "huyu mwanao aliwahi kutupa nini?"

"Hajatupa kitu. Hata ndala iliyokatika."

"Basi leo namsaidia." Akaliweka dumu chini, akalipasua kwa panga, mapigo manne.

Kicheko kikakatika. Mama mkwe alisimama. Watu wote tulimtazama yeye. Akamnyooshea mtani kidole.

"Mchawi wewe. Siku ya msiba wenu nitakuja na shoka."

"Njoo, bibi. Ila uwe mzima kwanza."

Vipande tulivifukia mbali na kisima. Siku mbili mama hakusema nami, na maji alikwenda kunywa kwa jirani, ambaye naye ana dumu kama lile. Nikaona nimefanya kazi bure. Siku ya tatu jua lilikuwa kali na magoti yakamkatalia safari. Alikaa mbele ya ndoo muda mrefu.

"Kinafunguliwaje hiki kidude?"

Nikafungua koki, nikajaza kikombe, nikampa. Akanirudishia.

"Anza wewe."

Nikanywa nusu. Akanikagua uso kama anayesubiri nianguke. Kisha akachukua kikombe, akamaliza, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Hayana ladha," akasema.

"Ndivyo maji yalivyo, mama."

Akafikiri kidogo, akanisogezea kikombe. "Weka tena. Labda cha pili nitayazoea."