Nota Tano za Shujaa Anayepaa

Mhariri wa filamu hakumwamini mtunzi wa muziki tangu siku alipomletea nota tano za kumpaisha shujaa wao, zikamganda kichwani papo hapo. Vyaelea vimeundwa, aliwaza. Hizi kaziunda nani? Basi akawa anamchungulia. Vidole vya mtunzi havikujua kutulia: viligonga meza, kikombe, hata goti lake mwenyewe. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama yuko msibani. Na mlango wake, aliokuwa akiufunga kutwa, aliuacha wazi kila asubuhi saa ya usafi.

“Na mwisho wake je?” mhariri alimuuliza kwa mara ya nne. “Shujaa kapaa, hatui?”

“Subira, dada. Bado nautafuta.”

Asubuhi moja mama wa usafi alipita na ndoo yake, akiimba huku kafumba mdomo. Nota zile zile tano. Kumbe zimemnasa hata yeye, mhariri akawaza, nusura amwombe mtunzi radhi moyoni. Lakini mama hakukomea kwenye ya tano. Aliendelea, bila haraka, huku akikamua tambara, mpaka wimbo ukatua. Mhariri akageuka. Vidole vya mtunzi vilikuwa vimetulia tuli, kimoja juu ya kitufe cha kurekodi.