Masale ya Kona

Mwenyekiti wa klabu yetu ya mpira amenipa kazi ya kuandika historia ya klabu, kwa sababu mimi ni mchezaji wa tangu mwanzo ambaye, kwa maneno yake, "hakuwa na shughuli nyingi uwanjani." Ni kweli. Timu hii nimeitumikia miaka mingi nikiwa nimekaa. Benchi letu ni gogo la mgrevilea, na mahali pangu pameshalainika. Kutoka pale niliona mambo mengi kuliko golikipa, ambaye kuona ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mwenyekiti anataka historia yenye waasisi, vikombe na changamoto. Vikombe hatuna. Tuliwahi kushinda beberu, tukamla siku ileile. Waasisi ni sisi vijana wa Kibosho, tuliokuwa tukitoka misa ya pili tukiwa na nguvu zisizo na kazi, pamoja na fundi seremala mmoja Mwislamu wa Moshi mjini. Huyo alipanda huku kuezeka nyumba ya mtu, akanogewa na mtori wetu wa ndizi, na tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili na bodaboda. Ndiye golikipa niliyemtaja. Changamoto ni moja, na mwenyekiti ameniomba niipitie juu juu. Nitamsikitisha.

Uwanja wetu, na hapa niseme mapema kwamba neno "wetu" ndilo lililotuponza, ni kipande cha ardhi chini ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, cha mjane mmoja ambaye sote tunamwita Bibi. Mumewe alipokuwa hai palikuwa pa kukatia majani ya ng'ombe. Tulipokwenda kumwomba, Bibi alikubali kwa masharti mawili: majani yabaki yake, na mpira ukiingia kwenye migomba yake tupige hodi kabla ya kuufuata. Tuliona tumepata bure. Bibi alikata majani kwa mundu kila wiki, kwa hiyo mtunza uwanja wetu alikuwa ng'ombe wake, na hatukuwahi kumshukuru.

Ng'ambo ya uwanja kuna kihamba cha shemeji yake Bibi, mdogo wa marehemu. Huyo ndiye mwenyekiti wetu. Kati ya ardhi hizo mbili mpaka haukuonekana tena. Mfereji ulifurika mwaka mmoja ukayachukua masale ya zamani, ile mimea ya majani marefu ipandwayo mpakani, na marehemu alifariki kabla ya kuyapanda upya. Bibi ana mabinti tu, na wote wameolewa mbali. Kwetu, mjane wa namna hiyo hulala akiwaza mpaka wake.

Miaka ya kwanza tulipiga hodi kama watoto wa katekisimu. Mpira ukiingia migombani, mchezo ulisimama, mtu akaita, Bibi akaitikia "Karibu," ndipo tukaingia. Baadaye tukawa tunapiga hodi huku tukikimbia. Mwishowe tukawa tunaruka tu, tunakanyaga magimbi yake, tunatoka na mpira na matope. Mwenyekiti naye kwenye hotuba zake, ambazo ni ndefu kuliko mechi zenyewe, akaanza kusema "uwanja wetu wa nyumbani." Tulipiga makofi.

Sasa tuje kwenye kona. Kila tuliposimika vijiti vya kona, wiki iliyofuata tulivikuta vinaegemeza migomba ya watu. Refa mmoja, mkali kuliko paroko, akatuambia hachezeshi tena mechi kwenye uwanja usio na kona. Hapo mimi, kutoka kwenye gogo langu, nikatoa wazo. Tupande masale. Hayaibiwi, hayanyauki, na yanasimama wima yenyewe. Lilikuwa wazo langu la kwanza kukubaliwa na timu ile, na nilijiona nimefunga goli.

Jumamosi nilikata mashina manne nyumbani kwa mama yangu nikayapanda, moja kila kona. Mwenyekiti alisimama pembeni, mikono nyuma, ananielekeza. "Sogeza huku kidogo. Hapo, hapo. Pazuri."

Jumapili Bibi alikuja kutoka misa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akasimama kwenye kona ya kwanza, akagusa jani. Akaenda ya pili. Alizunguka kona zote nne taratibu, na sisi tuliokuwa tukipasha misuli tukasimama mmoja mmoja.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

Hakuitikia. Akapanda nyumbani kwake.

"Mbona hajaitikia?" akauliza golikipa. "Mtu mzima anaachaje shikamoo hewani?"

Bibi akarudi na ng'ombe. Akapigilia kigingi katikati kabisa ya uwanja, pale mpira unapoanzia, akamfunga, akaondoka. Ng'ombe akaanza kula. Refa akatazama saa, akatazama zile pembe, akaahirisha mechi. Wageni wetu walitoka Marangu alfajiri. Walirudi wakisema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye historia ya klabu.

Jioni nilimweleza mama yangu, nikitaka anicheke. Hakucheka.

"Umepanda masale kwenye ardhi ya mjane," akasema, "na shemeji yake amesimama anakuonyesha pa kupanda?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Si kwamba sikujua. Mtoto gani wa Kichagga hajui kwamba masale ndiyo mpaka wenyewe, kwamba ukiyapanda umesema ardhi ni yako bila kufungua mdomo? Timu nzima ilijua. Golikipa peke yake ndiye aliyekuwa na udhuru. Sisi wengine tulikuwa tumeshasahau kwamba pale palikuwa na mwenyewe. Na huko kwenye vilabu vya pombe ya mbege, mama akaniambia, watu wameshaanza kusema Bibi amenyang'anywa.

Je, mwenyekiti alikusudia? Nimeketi naye kwenye gogo moja miaka yote hii na sijawahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba nilipomwambia lazima twende kuomba msamaha, alisema "Twende" tu, bila hotuba.

Kuomba msamaha kwetu kuna utaratibu, na utaratibu ni masale hayohayo. Unachukua jani, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akipelekewa, hawezi kukataa kusamehe. Nilitaka kuchuma la kwenye kona, liko karibu. Mama akanizuia kwa kofi la bega. "Utaomba msamaha kwa jani la wizi?" Akachuma la kwake.

Bibi alitupokea uani, anamenya ndizi. Alilitazama jani mkononi mwa mwenyekiti, kisha akafuta mikono, akalipokea.

"Nimelipokea," akasema. "Siwezi kulikataa, na ninyi mnajua siwezi. Zamani mlikuwa mnapiga hodi. Mlipoacha, nikajua iko siku mtapanda."

Nilitaka kujieleza. Nashukuru sikupata nafasi.

"Shemeji," akamgeukia mwenyekiti, "unakumbuka mpaka wa kaka yako ulipita wapi?"

Kuku alipita. Mwenyekiti alimtazama yule kuku kama anayetafuta wakili.

"Nakumbuka," akasema.

"Basi Jumapili njooni wote. Mnajua kupanda. Mtapanda ninapowaonyesha mimi."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi alituvumilia miaka, kisha akatupa majembe wote kwa mpigo. Tulikuja na jezi, ili ionekane ni timu. Tuling'oa masale ya kona, na kwa kuwa manne hayakutosha, kila mchezaji alileta shina la kwao, hata golikipa aliyenunua lake kwa mama mmoja njiani. Mwenyekiti alichimba shimo la kwanza kwa mkono wake, kwenye mstari wa kaka yake, mbele ya mashahidi kumi na watano wenye namba mgongoni.

"Rudi nyuma kidogo, shemeji," Bibi akasema. Akarudi. "Kidogo tena. Hapo. Pazuri."

Siku hiyo mimi nilikuwa kikosi cha kwanza.

Masale yale sasa yanapita kichwa changu, na hakuna anayeuliza tena mpaka uko wapi. Kona zetu zina vijiti, na vijiti vinaibiwa. Mpira ukiingia migombani tunasimama, tunapiga hodi, tunasubiri. Timu ngeni hulalamika kwamba tukiongoza Bibi hukawia kuitikia. Siwezi kulithibitisha hilo, ingawa nina masikio.

Mwezi uliopita tulikuwa nyuma moja bila, dakika zimekwisha, mpira ukaangukia migombani kwa Bibi. Mshambuliaji wetu akafika ukingoni, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Refa akainua mkono kutazama saa. Mwenyekiti alisimama kutoka kwenye gogo, shingo ndefu, akitazama kule juu nyumbani kwa shemeji yake anayeishi peke yake, na uso wake haukuwa wa mtu anayewaza mechi. Hakuna aliyevuka. Hata wageni wakatazama kule juu.

"Karibuni," sauti ikaja, ndogo, kutoka zizini. "Nilikuwa nakamua."

Refa akapuliza filimbi ya mwisho. Mwenyekiti akaketi, akafuta jicho, akasema ni moshi. Hapakuwa na moto popote.