Marehemu Hataki Maji

Inatangazwa kwa umma wote, kwa majirani wa kulia na wa kushoto, kwa mashemeji, mawifi, wapita njia na yeyote mwenye kopo la maji mkononi, kwamba kiumbe aliyemo ndani ya chungu hiki hajafa. Amelala. Ataamka mwenyewe mvua zikija. Familia haihitaji rambirambi, na hasa haihitaji rambirambi za majimaji.

Tangazo hilo liliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi la sabuni, likachomekwa kwenye chungu cha mchanga mtupu, baraza ya nyuma ya nyumba moja yenye bati jekundu. Mwandishi wake alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, mstaafu wa maabara ya hospitali, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ukungu. Siku ya tatu maandishi yalikuwa yamechuruzika hadi chini. Mtu alikuwa amemwagilia tangazo.

Jina la Ukungu alilipata kwa halali. Watu wengine ukungu wakiuona kwenye mkate hutupa mkate. Yeye alikuwa akiupikia uji. Kabati zima la jikoni lilijaa vichupa vya jamu, na ndani ya kila kichupa mlikuwa na uji wa shayiri ulioganda, na juu ya uji umetanda ukungu mweupe kama ndevu za mzee asiyenyoa. Sufuria ya presha haikuwa imeonja maharagwe kwa miaka mitatu, maana kazi yake ilikuwa kuchemshia vichupa hadi vife vijidudu vyote visivyoalikwa.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya okidi. Wala si zile okidi za kwenye kalenda, zinazoning'inia mitini zikijichekesha. Hii ilikuwa ya ardhini, na ilikuwa ikiota kwenye mteremko mmoja tu nyuma ya machimbo ya kokoto, mpaka machimbo yalipoula mteremko. Wiki ile matingatinga yalipofika, Mama Ukungu alipanda na kijiko cha chai na kibebeo chake cha chakula, akarudi na viazi vitano, kila kimoja kikubwa kama karanga iliyolishwa vizuri. Ua lenyewe, tuseme ukweli, si la kumpa mchumba. Ni la kijani kilichopauka, dogo, na mumewe alipoliona mara ya kwanza alisema linafanana na panzi aliyejitanda shuka.

Lakini tabia zake! Kila mwaka kiazi kinazaa kiazi kimoja, kisha chenyewe kinakufa, kwa hiyo ukianza na kimoja utazeeka na kimoja. Mbegu zake ni laini kuliko unga wa sembe, na hazina akiba yoyote ndani. Bila ukungu fulani wa mizizini kuzilisha, haziamki kamwe. Ndiyo maana ya vichupa. Katika vichupa arobaini, thelathini na nane vilivamiwa na ukungu wa mtaani, usio na adabu. Viwili vilitoa vitone vya kijani vidogo kuliko ufuta, vikaishi miezi minne, vikafa bila kuaga. Ili ajaribu tena alihitaji mbegu mpya, na mbegu hutaka ua, na ua hutaka kiazi kilicho hai.

Na kiazi, miezi sita kwa mwaka, hakina jani wala shina. Kimelala mchangani, na hulala pakavu. Kikombe kimoja cha maji wakati huo, kinaoza. Wa nyumbani walimwita Marehemu, kwa sababu haonekani na kila mtu anamsema vizuri.

Viazi viwili vya kwanza aliwapelekea wataalamu mwenyewe, Bustani ya Mimea ya serikali, pamoja na kurasa tatu za maelekezo. Wakavipanda mbele ya ofisi, chini ya mlingoti wa bendera, wakavimwagilia kila siku ya kazi. Wiki ya tatu vilikuwa uji. Kibao cha jina kimebaki pale hadi leo, kinafutwa vumbi kila Jumatatu, na chini yake hakuna kitu. Barua zake saba za kuuliza kilichotokea hazikujibiwa.

Cha tatu kiliuawa na mumewe, karani mstaafu wa posta, ambaye kwa kutoweza kukaa na habari tumboni aliitwa Bwana Taarifa.

"Wewe ndiye uliyemwagilia?"

"Kidogo tu, mke wangu. Nilimuonea huruma. Kikombe."

"Si nimeweka tangazo?"

"Nimelisoma. Limeandikwa vizuri sana. Lakini lile si ni la watu wa nje?"

Cha nne kiliozeshwa na dada wa Bwana Taarifa, wifi mtu, aliyekuja kwa wiki moja kutibiwa jino. Jino lilipona. Miezi mitano baadaye bado alikuwa kwenye chumba cha mbele, amepanga upya vyombo vyote vya jikoni.

"Wifi," alisema, mikono kiunoni, "mimi nimelea watoto sita, na hakuna hata mmoja niliyemnyima maji."

"Watoto wako hawakuwa viazi."

"Mmoja alikuwa," wifi akasema. "Na bado nilimpa."

Hapo Mama Ukungu aliacha kugombana. Alikwenda chumbani, akakaa kitandani, akatazama ukuta kwa muda wa kuchemsha chai mbili. Alikuwa amebakiwa na kiazi kimoja, na dunia nzima hakikuwepo kingine. Aliamua kwamba huruma ya watu ni kama maji ya mtaroni: huwezi kuizuia, utaloa bure, unaichimbia njia nyingine. Usiku haukuingia kabla hajakihamishia kiazi cha mwisho kwenye boksi la viatu lenye mchanga mkavu, ndani ya kabati la nguo, nyuma ya makoti yake meupe ya hospitali. Na kwenye chungu cha baraza alifukia kipande cha tangawizi kutoka jikoni.

Kisha akang'oa tangazo.

Nyumba ilitulia kama mtoto aliyepata ziwa. Bwana Taarifa alimwagilia asubuhi akitoka kunawa uso. Wifi alimwagilia mchana. Fundi cherehani wa jirani alirusha glasi moja juu ya ukuta kila akikumbuka. Mama Ukungu alipita katikati yao amefunga mdomo, akisafisha vichupa vyake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alilala usingizi wa kukoroma.

Kosa lake lilikuwa kusahau kwamba tangawizi inapenda maji.

"Amefufuka!" Bwana Taarifa alipiga kelele asubuhi moja, povu la dawa ya meno bado lipo kidevuni. "Mama! Dada! Njooni! Marehemu amefufuka!"

Chipukizi lilikuwa limesimama kama kidole, kijani, lenye afya ya kuudhi. Mama Ukungu alifungua mdomo kusema, akaufunga. Akisema hii ni tangawizi, swali la pili litakuwa: basi mwenyewe yuko wapi? Na mumewe akijua, hata kwa nia njema, hasa kwa nia njema, atalifungua kabati na kikombe mkononi. Alipokuwa bado anapima hayo, Bwana Taarifa alikuwa ameshapiga picha na kuituma kwenye makundi manne ya simu, la wastaafu, la mtaa, la kwaya, na moja ambalo hakumbuki ni la nini. Chini ameandika: "Mmea pekee duniani wachipua kwangu."

Kwangu!

Barua saba hazikuleta jibu, picha moja ya tangawizi ilileta gari. Alhamisi alishuka Afisa Mimea wa Bustani, kijana wa makamo mwenye kalamu nne mfukoni, na barua yenye mhuri: mmea ni urithi wa umma, utapokelewa rasmi Jumamosi mbele ya mgeni rasmi, na utapandwa palepale chini ya bendera. Alichuchumaa, akapima chipukizi kwa rula, akaandika.

"Haya ndiyo majani yake hasa?"

"Wewe unaonaje?"

"Yanafanana na ya kitabuni."

"Umewahi kumwona akiwa hai?"

Afisa alikohoa. "Kitaalamu, hapana. Na je, mama, kuna kiazi kingine chochote hapa? Maana kama kipo, sheria inataka vyote vikabidhiwe."

"Ofisi yenu ilipewa viwili," alisema Mama Ukungu. "Vinaendeleaje?"

Afisa alikohoa tena, akaaga.

Ijumaa alifungua boksi la viatu. Katikati ya mchanga palikuwa na ncha nyeupe, ndogo kama jino la kwanza la mtoto. Ameamka! Sasa angehitaji mwanga na maji ya kiasi ndani ya siku chache, na chombo cha kufaa, na chombo cha kufaa kilikuwa kile chungu cha udongo cha barazani. Ndoo zake zote nyingine zilikuwa za plastiki, zinabana maji kama mfanyabiashara anavyobana sukari. Alikaa na boksi magotini. Miaka thelathini na minne maabara hakuwahi kuandika jibu la uongo, hata la mkojo wa mganga mkuu, ambalo aliombwa kwa adabu sana. Na kesho angesimama mbele ya watu kukabidhi kiungo cha chai. Siku ikijulikana, mtaa utamcheka mpaka aingie kaburini, na ofisi itasema yule bibi akili zilishamtoka. Akisema kweli, hili jino dogo litapelekwa chini ya bendera, na wiki ya tatu litakuwa uji.

"Wifi."

Aliruka. Wifi mtu alikuwa mlangoni, kashika ncha ya jani kati ya vidole viwili, ameivunja, anainusa.

"Wifi, huyu Marehemu wako mbona ananukia chai?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mama Ukungu alimwambia yote, kwa hasira, kama mtu anayelipishwa. Wifi alisikiliza, akasogea, mikono nyuma ya mgongo, akachungulia boksi.

"Kumbe ndiyo huyu. Mdogo wangu anajua?"

"Mdogo wako akijua saa mbili, saa tatu anajua hadi muuza mkaa."

"Kweli hiyo." Wifi aliinama zaidi. "Ana kiu?"

"Wifi!"

"Nimeuliza tu! Haya, mimi mdomo wangu nimeushona." Alinyanyuka, akatikisa kanga yake. "Unajua nilikuwa nafikiria kuondoka Jumatatu."

"Ulikuwa unafikiria?"

"Sasa sifikirii tena."

Jumamosi, pale Bustani, palikuwa na turubai, viti vya plastiki na kipaza sauti kinachopiga miluzi. Bwana Taarifa alivaa suti ya harusi yao na kukaa mbele, akiwaonyesha watu picha ya kitu ambacho kilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Wifi alikaa nyuma, uso mkavu kama kuni, ila mabega yalikuwa yakitetemeka. Afisa Mimea alisoma hotuba yenye jina la kisayansi mara kumi na moja, na mara tisa alilitamka tofauti. Kisha akamgeukia Mama Ukungu, kalamu tayari.

"Mama, kwa kumbukumbu za ofisi, masharti ya utunzaji?"

Mama Ukungu alimtazama. Alikumbuka kurasa zake tatu.

"Mwagilieni mnavyojua," alisema.

Mgeni rasmi alisimama. Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Aliinua chungu kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto wa mfalme, majani ya tangawizi yakamgusa kidevu, akafumba macho kidogo kwa hisia. Watu walipiga makofi. Fundi cherehani alifuta chozi; na yeye alikuwa na mchango wake wa glasi.

"Mama yetu," mgeni rasmi alisema, sauti imemlegea, "leo unalipa taifa kipenzi cha maisha yako. Miaka mingi umehangaika peke yako, bila msaada, bila shukrani. Mbele ya umma huu, na mbele ya vizazi ambavyo bado havijazaliwa, hebu tuambie: moyo wako unatamani nini?"

Kipaza sauti kilipitishwa mkono kwa mkono mpaka kikamfikia. Mama Ukungu alikishika, akakitazama chungu, akasafisha koo.

"Chungu kirudi kabla ya Jumatatu."