Gakwaya na Sindano ya Tatu

Basi la Ndera ndilo lililonionyesha kwamba mtumishi wa Mungu ni mwongo.

Ilikuwa Januari 2022, stendi ya Nyabugogo, Kigali. Siku zile hupandi basi kama hujachanjwa. Unafika mlangoni, unaonyesha meseji ya chanjo kwenye simu, ndipo unaingia. Huna? Tembea.

Mimi nauza dagaa pale jirani, kwa jumla. Mteja asipokuwepo, macho yangu hayana kazi nyingine.

Nikamwona Mzee Gakwaya kwenye foleni.

Nikasema moyoni, leo huyu anarudishwa mbele za watu.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatoa simu, akaificha kiganjani kama mtu anayeficha sigara, akamwonyesha dada wa mlangoni.

Dada akasoma. Akampisha.

Gakwaya akapanda.

Nilikaa juu ya gunia. 

Ngoja niwaeleze Gakwaya ni nani, mjue kwa nini.

Kwetu Niboye alikuwa na chumba cha maombi sebuleni kwake. Watu hamsini, wengine wanakaa mpaka jikoni. Corona ilipoingia akapata neno moja, akalishika: "Ukichomwa ile sindano, damu ya Yesu inatoka, chapa ya mnyama inaingia."

Mume wangu Protas alilimeza lote.

Protas alikuwa fundi wa magari, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe. Mimi Mhaya, tulikutana hukohuko. Mtu wa kucheka, lakini akishaamini kitu humtoi.

Julai 2021 akaanza kukohoa. Siku ya tisa akafa, yuko kwenye oksijeni, mimi niko nje ya geti.

Makaburini tuliruhusiwa watu wachache tu. Gakwaya alikuwemo. Akanyoosha mkono juu ya sanduku akasema, "Huyu ameondoka safi. Hakutiwa chapa."

Na mimi nikaitika amina.

Hiyo amina ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa turudi Januari. Nilifika nyumbani nikamwambia binti yangu Careen nilichokiona. Ndiye mtoto wangu pekee. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, mwimbishaji wa chumba cha Gakwaya, na kila siku alitembea kwa miguu kutoka Niboye hadi kazini mjini kwa sababu hakuwa na chanjo ya kumpandisha basi.

"Mama, umemfananisha."

"Nimemfananisha na nani? Lile koti la kijani Kigali nzima analo nani?"

"Shetani anajua kuvaa koti, mama. Baba alikufa safi. Na mimi kama ni kufa, nitamfuata baba hivyohivyo."

Akasema huku ameshika tumbo.

 Kuanzia hapo sala yangu ikawa fupi. Sikuomba afya wala riziki. Niliomba: Bwana, mlete. Mlete hadharani, nione.

Mniite mbaya. Niliomba hivyo asubuhi na jioni, nimepiga magoti.

Mwisho wa Machi, Jumamosi, umuganda. Asiyeijua: ni kazi ya pamoja ya mtaa mzima, kila mwisho wa mwezi. Mkishafyeka na kuzibua mitaro mnakaa mkutano. Hapo ndipo mkuu wa mudugudu, yaani mtaa, husoma majina ya wasiolipia bima ya afya, mtu anaitwa mbele ya jirani zake mpaka anatamani ardhi immeze.

Safari hii aliletwa nesi, Umuhoza, na hema la chanjo. Mimi ni mkuu wa isibo yetu, yaani zile nyumba chache za jirani, kwa hiyo nilikuwa meza kuu nikigawa dawa ya mikono.

Nikamwinamia mkuu wetu, Nshimiyimana.

"Mkuu, nesi ana orodha ya waliofikiwa na zamu ya sindano ya tatu. Iko kwenye ile mashine yake. Si isomwe, kama tunavyosoma bima?"

"Wazo nzuri, Mama Careen. Isibo gani ianze?"

"Yangu. Na tarehe zisomwe, watu husahau. Asirukwe hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Umuhoza akasimama, barakoa kidevuni, akaanza. Nyumba ya kwanza. Ya pili. Watu wanaitika, wanapiga makofi. 

"Gakwaya! Gakwaya iko wapi? Ya kwanza mwezi wa nane 2021, ya pili mwezi wa tisa. Mzee, ya tatu imefika, kuja hapa."

Vichwa vyote vikamgeukia.

Halafu mama mmoja nyuma akasema taratibu, "Mana yanjye." Mungu wangu.

Kisha wakalipuka.

"Pasteri! Na ile chapa umeiweka bega gani?"

"Mbili tayari! Mnyama wake ana wake wawili!"

Wengine wanacheka, wengine wanalia. Nilimtazama Gakwaya, jembe mkononi, jasho linamtiririka, nikasikia utamu. Nasema ukweli. Nilisikia utamu mdomoni.

Lakini yule mzee si mtu wa kuanguka kwa teke moja. Akainua mkono, sauti ileile ya sebuleni.

"Watu wa Mungu! Mashine haina roho. Inaandika jina ya mtu yeyote. Wameweka jina yangu ili muniache, na nyinyi muchomwe!"

Kelele zikapungua. Nikaona vichwa vinaanza kutikisika kumkubali. Na Careen, tumbo mbele, akasogea akasimama kando yake.

"Ni kweli," akasema. "Wanaandika tu. Hii orodha ni ya uongo."

Umuhoza akakunja uso. Hakuwa mtu wa kubishana. Akarudi kwenye mashine yake, akasoma nyumba inayofuata.

"Jovina. Ya kwanza mwezi wa tatu 2021, Nyabugogo."

Jovina ni mimi.

Careen akanigeukia. Akatabasamu kabisa, mtoto wangu, kama aliyepata ushahidi.

"Mnaona? Hata mama wamemwandika! Mama, waambie."

Ndugu zangu, nilijua jina langu limo. Nililala na jambo hilo wiki tatu, tangu niliposikia nesi anakuja na orodha. Orodha ikisomwa, tunasomwa wote wawili. Ningetikisa kichwa tu pale, Gakwaya angepona na mimi ningepona.

Nikasimama.

"Orodha ni ya kweli," nikasema. "Walipochanja wauzaji wa Nyabugogo, na mimi nilichanjwa."

"Mwezi wa tatu?" Sauti ya Careen ilikuwa ndogo. "Baba alikufa wa saba."

"Ndiyo."

"Ulilala naye kitanda kimoja miezi minne umechanjwa, hukumwambia?"

"Niliogopa kufukuzwa kwenye chumba cha maombi. Niliogopa baba yako aseme nimeuza roho."

Hakulia. Ingekuwa afadhali.

Jembe la Gakwaya likaanguka. Sasa hakuwa na pa kujificha.

"Mama Careen," akasema chini chini, "mimi nilichanjwa kwa sababu ya mume yako. Nilimuzika, nikaogopa."

"Uliogopa," nikamwambia, kwa sauti, wasikie wote. "Na Jumapili iliyofuata ulisimama mbele yetu ukatuambia nini?"

Akainama kutafuta jembe lake. 

"Sema, mzee! Ulituambia nini?"

Akaokota jembe, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza. Mwezi uleule sebule yake ilipangishwa kwa fundi cherehani, na yeye akahama, sikuuliza wapi. Sijamsamehe. Padri ameniambia nijaribu, najaribu, bado.

Na Careen?

Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaingia kwenye hema, akamwonyesha Umuhoza mkono. Walimfuata kumi na wanane wa chumba kile. Niliwahesabu.

Wiki ileile alihama kwangu. Alijifungua Mei, mtoto wa kiume, salama. Amemwita Protas. Habari nilipewa na jirani.

Huja kunisalimu Pasaka na Krismasi. Anakaa ukingoni mwa kiti, mtoto amempakata mwenyewe. Ananiita Jovina.

Wewe unayesoma, kama unajua kitu kinachoweza kumwokoa mtu wako, mwambie leo, akutukane akiwa mzima. Gakwaya alimdanganya mume wangu mara moja kwa wiki, Jumapili. Mimi nilimnyamazia kila siku, nikimpakulia chakula.